Mizani, futi na daftari: ninavyoufuatilia mwili wa mdogo wangu mwenye skizofrenia

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya chai, mdogo wangu anavua ndala na kupanda juu ya mizani. Mizani ipo sebuleni, pale sakafu ya saruji ilipo sawa, maana ukiiweka juu ya mkeka inadanganya. Anasoma namba mwenyewe, mimi naandika. Kisha futi ya fundi cherehani kiunoni, kisha anakaa kimya dakika tano tumpime presha. Kazi yote haifiki nusu saa. Tunaifanya tangu mwaka 2017, na hapa naeleza namna ya kuifanya kwa yeyote anayeishi na mgonjwa wa akili nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Muheza, mkoani Tanga. Si daktari wala muuguzi. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuuguza, kwa kuuliza kila sista na kila daktari aliyekuwa tayari kunijibu, na kwa kosa moja ambalo bado linaniuma.

Mdogo wangu alianza kuumwa akiwa na miaka 22. Miaka mingi alikuwa akichomwa sindano ya kila mwezi. Ilimtuliza, lakini ikamkakamaza, mate yakawa yanamtoka, akawa anatembea kama mtu aliyetwishwa ndoo. Mwaka 2016 akabadilishiwa dawa, akapewa vidonge vya olanzapini. Ndani ya wiki chache tukampata tena ndugu yetu. Aliongea, alicheka, alikula. Alikula sana. Majirani walitupa hongera, "Mashallah, kanawiri," nasi tukazipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kwetu mtu akinenepa ni kwamba amepona. Hakuna aliyempima kitu.

Baada ya miezi kama minane akawa anaamka usiku kunywa maji mtungini, kata ya tatu, kata ya nne, kisha chooni, kisha maji tena. Nilimfokea. Niliamini maradhi yamerudi. Tulipompeleka kwenye kituo cha afya tukaeleza hivyohivyo, kwamba anakunywa maji ovyo na hapati usingizi, na waliotupokea wakaandika tulichosema, wakaongeza dawa. Wiki mbili baadaye alikuwa amelala hajiwezi, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mtaalamu wa maabara mahali pengine akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa 27, kwa kipimo cha mmol/L kinachotumika hapa kwetu.

Kiu ile ilikuwa ya kisukari, na kipimo cha kuijua ni tone moja la damu. Sote, ndugu na wahudumu, tulikuwa tumekitazama kichwa chake peke yake.

Tangu hapo nimejifunza kwamba hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makubwa ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi huuawa na moyo, kisukari, mapafu na maambukizi, yaani maradhi yanayopimika. Butajira, kule Ethiopia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 919 kwa miaka 10. Wakafariki 121, takriban miaka 30 kabla ya wakati wao, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na magonjwa ya kuambukiza. Ninapokutana na ndugu anayesema "kwa sasa ametulia, tunashukuru," namuuliza: uzito wake ni kilo ngapi?

Anza kabla ya kidonge cha kwanza

Siku mgonjwa anapoanza dawa ya akili au anapobadilishiwa, omba apimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Hivyo ndivyo vipimo vya kuanzia. Bila hivyo, miezi sita baadaye hutajua kama amenenepa au alikuwa hivyo. Ikiwa dawa imeshaanza muda mrefu, kama ilivyokuwa kwetu, leo ndiyo siku ya kuanzia; andika tarehe na uendelee.

Uliza pia jina la dawa, na uliandike. Usiridhike na "vile vidonge vyeupe." Dawa hazifanani katika kuulemea mwili. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongeza uzito na sukari kuliko nyingine. Klopromazini, kwetiapini na risperidoni zinafuata. Haloperidoli hainenepeshi sana, lakini inakakamaza misuli na kuleta mtetemeko. Ukijua jina, unajua pa kuangalia kwanza.

Uzito na kiuno

Wiki sita za mwanzo pima uzito kila wiki, kwa kuwa ndipo unapopanda mbio. Baadaye daktari anaweza kuridhika na kila baada ya miezi mitatu. Mimi nimebaki na kila mwezi, maana jambo la kila mwezi halisahauliki. Tumia mizani ileile, asubuhi, akiwa ametoka chooni na hajala, bila viatu, bila kanzu nzito. Kama huna mizani, zahanati ya karibu inayo, na maduka mengi ya dawa yanayo. Chagua moja, rudi palepale.

Sasa hesabu ninayowafundisha hata wanafunzi wangu. Chukua uzito wa kuanzia, zidisha kwa 5, gawanya kwa 100. Kwa mfano, mtu akianza na kilo 61, jibu ni kilo tatu. Mtu akiongeza kiasi hicho ndani ya mwezi wa kwanza wa dawa, usingoje kliniki ijayo, nenda ukaseme. Mdogo wangu tulipokuja kumpima mara ya kwanza alikuwa na kilo 79.

Kiuno wengi hukipuuza, nami nakithamini kuliko uzito. Mafuta yanayokaa tumboni ndiyo yanayokaribisha kisukari na maradhi ya moyo. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu na ncha ya mfupa wa nyonga, pitisha futi katikati ya hapo, juu ya ngozi, mwambie atoe pumzi kawaida, soma. Asibane tumbo. Mwanaume akifika sentimita 94, au mwanamke sentimita 80, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari hata kama mizani haijashtuka.

Presha

Hii nitaipita haraka kwa kuwa wengi mnaijua. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara au kunywa chai nusu saa iliyopita, asiongee. Pima mara mbili, andika ya pili. Ikirudiarudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa. Anayetumia klopromazini au klozapini mpime pia akiwa amesimama, kwa sababu dawa hizo huishusha presha ghafla mtu anapoinuka. Ukiona anashika ukuta kila anapotoka kitandani, usidhani ni uvivu.

Sukari

Kipimo cha asubuhi, akiwa hajala wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa nane, kikifika 7.0 au zaidi ni dalili ya kisukari, na hospitali itarudia kuthibitisha. Kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1, naye ana kiu, anakojoa mara kwa mara au anapungua bila sababu, mpeleke siku hiyohiyo. Asiye na kisukari apimwe kabla ya kuanza dawa, tena miezi mitatu baadaye, kisha angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na mafuta ya damu. Siku ya kupima mafuta hakikisha hajala kitu tangu usiku; niliwahi kumpeleka ameshakunywa uji, tukarudishwa nyumbani.

Si lazima ununue mashine ya sukari kama mgonjwa wako hana kisukari. Vile vibao vyake vya kupimia ni ghali na vina tarehe ya mwisho. Weka fedha hiyo kwa nauli ya kwenda maabara.

Jambo gumu kuliko mizani

Mdogo wangu ni mtu mzima. Mwili ni wake. Hili lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu nilipoogopa nilitaka kumshika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mashine ya presha ndiyo iliyotushinda mwanzoni. Mkanda ulipoanza kukaza mkono, alisema kuna mtu anavuta mawazo yake kupitia kwenye mpira. Hakuwa anatania na sikumcheka. Sikubishana naye pia, maana kubishana na mawazo ya namna ile ni kuongeza hofu. Nilimwambia, "Basi leo tunaacha." Mwezi mzima nikajipima mwenyewe mbele yake, kila Jumamosi, nikisoma namba kwa sauti. Kisha nikampima mwanangu. Mdogo wangu anakaa kwenye kigoda pale mlangoni, anatazama. Mwezi wa pili akaomba ashike mashine, akaigeuza, akaibonyeza. Mwezi wa tatu akanyoosha mkono, akaniambia, "Dada, usikaze sana." Tangu hapo anafunga mkanda mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usimvizie amelala ukampima. Usimtishie kwamba hapati chai mpaka apande mizani. Mweleze unapima nini na kwa nini, na akikataa, andika "amekataa" pamoja na tarehe, ujaribu wiki ijayo. Usiiseme namba yake mbele ya wageni. Neno "kibonge" limepigwa marufuku nyumbani kwetu, kwa sababu kijana aliyeacha kutetemeka na kusikia sauti, halafu akachekwa kwa tumbo, ataacha dawa. Nami sitaki aache dawa.

Chakula nacho tulikibadilisha kwa wote, si kwa yeye peke yake. Muheza ni nchi ya machungwa. Msimu ukifika yeye alikuwa anaweza kumaliza kumi kwa mkao mmoja, juu yake soda. Sasa tunaweka mawili mezani, kila mtu mawili, yanaliwa na nyama yake, hayakamuliwi. Chai imebaki na kijiko kimoja, kisha nusu, kisha tukaacha. Jioni tunatembea naye mpaka shambani na kurudi. Dawa hizi huleta njaa isiyo ya kawaida, kwa hiyo kumwambia "punguza kula" halafu ukapika sufuria la wali kwa wengine ni kumwonea.

Mambo yasiyopimwa kwa mashine

Choo. Naona aibu imewaua watu hapa. Klozapini, klopromazini na vidonge vya Artane, vile vya kuondoa mtetemeko, hufunga choo. Muulize kila wiki, kwa upole, alienda lini. Siku tatu zikipita, sema kliniki. Tumbo likivimba na kuuma, akatapika, hiyo ni dharura, hasa kwa anayetumia klozapini.

Homa. Sisi tunaoishi kwenye malaria tukiona homa tunakimbilia dawa ya malaria. Mpime malaria, ndiyo, lakini mguse mikono na shingo. Homa ikiambatana na misuli iliyokakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa, yaweza kuwa ni dawa ya akili yenyewe inamdhuru. Usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na umtajie daktari jina la dawa. Anayetumia klozapini akipata homa au koo kumuuma, lazima apimwe damu kuona chembe nyeupe, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuzishusha.

Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, awe mgonjwa wa akili au asiwe. Vipimo vya virusi vya ukimwi na homa ya ini apewe kama wengine. Meno yake yatazame, maana mdomo mkavu unaoletwa na dawa huyaozesha. Mwenye kisukari atazamwe nyayo kila jioni. Dada au mama akikosa hedhi au akitokwa na maziwa hali hanyonyeshi, asidhaniwe tu ni mjamzito. Apimwe mimba, kisha risperidoni na haloperidoli zishukiwe. Na kama ni mwanamke anayeweza kuzaa naye amepewa valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa magonjwa ya akili, muulize daktari mara moja, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Sigara inahitaji maneno zaidi. Mdogo wangu ananunua moja moja dukani, nami naandika idadi anayoniambia, bila kumhukumu. Alikuwa anafika 15 kwa siku, sasa ni nne. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba moshi wa tumbaku huufanya mwili uiondoe olanzapini na klozapini haraka. Mtu akiacha sigara ghafla, dawa ileile inakuwa kali kwake: analala mno, anayumba. Kuacha ni kuzuri, ila mwambie daktari kabla, apunguze dozi ikibidi.

Hapo ndipo Ramadhani inapoingia. Anayevuta sigara anaacha mchana kutwa, anayetumia dawa asubuhi anaihamisha usiku kwa uamuzi wake, mwenye kisukari anashinda bila kula. Nenda kliniki mwezi wa Shaabani mpange pamoja. Daktari akimkataza kufunga, shehe wetu hapa alituambia wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa, na maneno yake yalimtuliza mdogo wangu kuliko yangu.

Kwa anayetumia lithiamu

Mwalimu mwenzangu ana mke anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na daftari lake tulilipanga tofauti. Dawa hii kipimo chake kinachofaa na kinachodhuru vimekaribiana mno, kwa hiyo damu hupimwa kiasi chake, na huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Akimeza saa mbili usiku, damu itolewe saa mbili asubuhi, na dozi ya asubuhi ingoje. Figo na tezi ya shingo zipimwe kila miezi sita. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa maumivu ya mgongo, kwa sababu huifanya lithiamu irundikane mwilini. Hivyohivyo kuhara, kutapika na kukaa na kiu siku nzima. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, akapepesuka au ulimi ukawa mzito, mpeleke hospitali, asimeze nyingine.

Kulipeleka daftari kliniki

Daktari ana dakika chache na foleni ndefu. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una majina ya dawa, dozi, tarehe alipoanza kila moja. Kurasa zinazofuata zina safu: tarehe, uzito, kiuno, presha, sukari, sigara, na nafasi pana ya maelezo. Tukiingia nalifungua ukurasa wa mwisho, naliweka juu ya meza, na sentensi yangu ya kwanza ni namba: "Dokta, kaongeza kilo nne tangu Machi, na presha mara tatu iko juu ya 140." Nikianza na "anaendelea vizuri," tunaandikiwa dawa zilezile na kutoka.

Kisha nauliza. Je, ipo dawa nyingine isiyonenepesha itakayomfaa? Je, dozi inaweza kushushwa polepole? Je, anahitaji metfomini, ile dawa ya kisukari? Mdogo wangu anaitumia hadi leo, na olanzapini hatimaye ilibadilishwa taratibu kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Usiisimamishe dawa ya akili mwenyewe nyumbani kwa sababu ya uzito. Nimeona jirani akifanya hivyo, na mwezi haukuisha kabla hawajamtafuta mtoto wao porini.

Na siku utakapoambiwa kwamba maumivu ya kifua au kiu au kizunguzungu ni "mambo ya akili tu," usigombane. Uliza swali hili, kwa adabu, ukimtazama: "Kama angekuja mtu asiye na ugonjwa wa akili mwenye dalili hizi, ungempima nini? Naomba naye apimwe hivyo." Mara tatu nimeliuliza. Mara zote tatu alipimwa.

Anayejua daftari liliko

Mwaka jana niliugua mimi, nikalazwa siku tisa. Jumamosi ilipita bila mizani, na mwanangu hakujua hata jina la dawa za mjomba wake. Niliporudi nilimkalisha nikamfundisha yote. Daftari linakaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Ukurasa wa kwanza umepigwa picha kwenye simu yake na kwenye simu ya shangazi. Ana miaka 16. Mkanda wa presha bado anaufunga chini mno, karibu na kiwiko. Uwe vidole viwili juu ya kiwiko, mpira ukiangalia ndani ya mkono. Mjomba wake ndiye anayemsahihisha.